Kabla hujasema ni kwanta: namna ya kupima majibu ya watu kwa jedwali na sarafu

Neno kwanta, jina la fizikia ya vitu vidogo mno kama atomu na chembe za mwanga, limeenea. Kuna wanaouza tiba ya kwanta, kuna wanaofundisha kwamba akili ya binadamu inakwenda kama chembe za mwanga, na vijana wanaosoma fizikia hapa Tanga huulizwa na ndugu zao kama mambo hayo ni kweli. Swali hilo ni zuri, na linajibika kwa vipimo ambavyo shule yoyote inaweza kuvifanya. Mwongozo huu nimewaandikia walimu na wanafunzi wanaotaka kupima wenyewe. Mtahitaji sarafu mbili, karata, daftari la hesabu, kikokotoo chenye kosaini, na watu walio tayari kutembea mitaa ya Ngamiani wakiuliza maswali kwa adabu.

Hatua ya kwanza: jedwali la vyumba vinne

Chukua maswali mawili ya ndiyo na hapana, uwaulize watu 40. Kila mtu ataangukia chumba kimoja kati ya vinne: ndiyo-ndiyo, ndiyo-hapana, hapana-ndiyo, hapana-hapana. Tuseme umepata 14, 8, 6 na 12. Waliotoa majibu yanayolingana ni 26, waliotofautisha ni 14. Toa 14 kwenye 26, gawanya kwa 40, unapata 0.30. Hiyo ndiyo namba ya uhusiano, nami nitaiita E. Ikifika 1, majibu mawili yanakwenda pamoja daima. Ikifika −1, yanapingana daima. Ikiwa 0, wanaolinganisha na wanaotofautisha ni idadi moja.

Usiishie hapo. Jumlisha na andika pembeni mwa jedwali: swali la kwanza limepata ndiyo 22, la pili limepata ndiyo 20. Watu wengi huziruka jumla hizi za pembeni kwa sababu haziingii kwenye hesabu ya E. Ziandike kila mara, kwa kalamu ya rangi nyingine ukiweza. Hukumu yote ya mwisho inazitegemea.

Nyuma ya jedwali kama hili mara nyingi kuna dhana ambayo hatuisemi. Tunachukulia kwamba kila mtu tayari amebeba majibu ya maswali yote, hata yale ambayo hatukumuuliza, kwa hiyo lipo jedwali moja kubwa ambalo vijedwali vyetu vyote ni vipande vyake. Andrei Kolmogorov aliiweka nadharia ya uwezekano kwenye misingi yake ya kihisabati mwaka 1933, na ukishika kwamba majibu yote yanakaa kwenye jedwali moja la namna hiyo, kuna mipaka ambayo vijedwali vidogo haviwezi kuivuka. Kinachofuata ni kuutafuta mpaka mmojawapo.

Hatua ya pili: mchezo wa nyumba mbili

Weka mchezaji mmoja Raskazone na mwingine Ngamiani, mitaa miwili ya hapa Tanga. Simu zizimwe, na kila mmoja awe na msimamizi. Kila raundi, mchezaji anarusha sarafu yake: kichwa, anafunua karata nyekundu, mwenge au namba, anafunua nyeusi. Kisha anaandika jibu, alama ya kujumlisha au ya kutoa. Hajui mwenzake amepata rangi gani.

Sheria ya ushindi ni hii. Wote wakipata nyekundu, majibu lazima yatofautiane. Rangi zikiwa vinginevyo, majibu lazima yalingane. Wachezaji wanaruhusiwa kupanga mbinu yoyote kabla ya kuachana, hata wakeshe wakipanga.

Waache kwanza wanafunzi wajaribu kutafuta mbinu ya kushinda kila raundi. Wape muda wa kutosha, maana hapa ndipo jambo lenyewe linapoingia kichwani. Kila mchezaji ana kanuni nne tu za kuchagua: kujumlisha daima, kutoa daima, kujumlisha kwa nyekundu na kutoa kwa nyeusi, au kinyume chake. Nne mara nne ni mbinu 16. Ziandikeni zote ubaoni mkazipime moja moja. Hakuna hata moja inayoshinda hali zote nne za rangi. Zilizo bora zinashinda tatu. Kuchanganya mbinu kwa bahati nasibu hakusaidii, kwa kuwa wastani hauwezi kupita kilicho bora. Kwa hiyo ukomo ni asilimia 75.

Wakishachoka kuhesabu, waonyeshe kwa nini. Jibu la Raskazone kwa nyekundu liite a, kwa nyeusi liite c. Jibu la Ngamiani kwa nyekundu liite b, kwa nyeusi liite d. Kila moja ni 1 au −1. Ili kushinda kila mara, ab iwe −1, na ad, cb na cd ziwe 1. Zidisha hizo nne pamoja. Upande wa majibu, kila herufi imejitokeza mara mbili, kwa hiyo zao lake ni 1. Upande wa masharti, zao ni −1. Haiwezekani. Katika hisabati za namna hii sijaona uthibitisho mfupi unaobeba jambo kubwa kuliko huu.

Sasa geuza ushindi kuwa namba ya uhusiano. Tafuta E kwa kila hali ya rangi, jumlisha zile tatu ambazo majibu yanapaswa kulingana, toa ile ya nyekundu kwa nyekundu. Jibu liite S. Kwa mbinu yoyote iliyopangwa kabla, S haizidi 2. John Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt ndio waliotoa umbo hili la hesabu mwaka 1969, wakijenga juu ya kazi ya John Bell ya 1964.

Tahadhari moja ya vitendo. Mkicheza raundi 100, bahati peke yake inaweza kuwapandisha asilimia nne au tano juu ya 75, wakati mwingine hata zaidi. Mkicheza 400, yumbo la kawaida linashuka hadi asilimia mbili hivi. Chezeni 400. Ikiwa baada ya hapo ushindi umebaki juu ya asilimia 80, anza kwa kumwuliza msimamizi kama simu zilizimwa kweli.

Hatua ya tatu: wanachofanya fotoni

Hapa mnahitaji kikokotoo tu. Jozi ya fotoni (chembe za mwanga) zilizofungamana, yaani zinazoelezwa na hali moja ya pamoja, inatoka kwenye chanzo kimoja, kila moja inaelekea upande wake na kukutana na kichujio cha mwanga kilichogeuzwa kwa pembe fulani. Ikipita ni 1, isipopita ni −1. Kwa jozi iliyoandaliwa inavyotakiwa, fizikia ya kwanta inasema E ni kosaini ya mara mbili ya tofauti ya pembe mbili.

Upande mmoja tumia nyuzi 0 kwa nyekundu na 45 kwa nyeusi. Upande wa pili tumia 67.5 kwa nyekundu na 22.5 kwa nyeusi. Hali tatu zina tofauti ya nyuzi 22.5, kwa hiyo kila E ni kosaini ya 45, yaani 0.707. Hali ya nyekundu kwa nyekundu ina tofauti ya 67.5, kwa hiyo E ni kosaini ya 135, yaani −0.707. S inakuwa 2.83. Kwenye mchezo wetu huo ni ushindi wa asilimia 85 na kitu. Boris Tsirelson alionyesha mwaka 1980 kwamba hata kwanta yenyewe haipiti hapo.

Maabara zimeipima namba hii kwa zaidi ya miaka 50. Stuart Freedman na Clauser walipima Berkeley mwaka 1972. Alain Aspect na wenzake, Ufaransa, walifanya mwaka 1982 jaribio ambalo mipangilio ilibadilishwa wakati fotoni ziko njiani. Mwaka 2015 watafiti wa Delft, Uholanzi, walitumia elektroni ndani ya almasi mbili zilizotengana kilomita 1.3, mwendo wa kama robo saa kwa miguu, wakapata S ya 2.42. Kwa umbali ule, mwanga wenyewe unahitaji zaidi ya mikrosekunde nne kuvuka, na vipimo vilikamilika kabla ya hapo. Aspect, Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2022 kwa kazi yao ya fotoni zilizofungamana.

Sasa rudi kwenye kalamu ya rangi. Ukiangalia jumla za pembeni za fotoni upande mmoja, ni nusu kwa nusu, na hazibadiliki hata upande wa pili ukigeuza kichujio vyovyote. Aliyekaa na kitambuzi kimoja hawezi kujua mwenzake amechagua pembe gani. Ndiyo maana hakuna ujumbe unaotumwa kwa njia hii, na ndiyo maana kuvuka 2 ni jambo zito: uhusiano umepita mpaka ilhali kila upande, ukitazamwa peke yake, hauna hata dalili ya kuguswa na mwenzake.

Hatua ya nne: dodoso la Ngamiani

Kwa watu tunaanza na jambo lililo rahisi zaidi, mpangilio wa maswali. Mwaka 1997 shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani kama Bill Clinton, rais wao wa wakati huo, ni mwaminifu na kama Al Gore, makamu wake, ni mwaminifu. Waliotangulizwa Clinton, asilimia 50 walimkubali. Waliotangulizwa Gore, asilimia 68 walimkubali Gore. Pengo la 18. Lakini kila mmoja alipoulizwa wa pili, Clinton alipanda hadi 57 na Gore akashuka hadi 60. Pengo likabaki 3. Swali la kwanza lilikuwa limeacha kitu kichwani.

Sisi tutatumia bodaboda na bajaji, maana kila mtu hapa mjini ana maoni juu yao. Tengeneza fomu mbili. Fomu ya kwanza inauliza kama madereva wa bodaboda wa hapa mjini ni waangalifu barabarani, halafu inauliza hivyohivyo kuhusu bajaji. Fomu ya pili inageuza. Maneno yawe yaleyale, herufi kwa herufi. Lenga watu 200 kwa kila fomu. Kwa idadi hiyo, tofauti ya asilimia 10 inaanza kuaminika, na ndogo zaidi ya hapo usiifanyie kelele.

Pata barua ya shule na uipeleke ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kuanza. Kisha gawaneni barabara, wengine upande wa soko la Mgandini, wengine Mabawa. Msiulize kwenye vijiwe vya bodaboda. Msiulize pia barazani watu wanapokunywa kahawa pamoja, kwa sababu jibu la mzee wa kwanza linawavuta wote waliobaki, na E yako itapanda bila sababu unayoitafuta. Mtu mmoja, pembeni, mara moja tu.

Sarafu irushwe kabla ya kupiga hodi. Ukimwona mtu kwanza ndipo uchague fomu, utajikuta unawapa vijana fomu moja na wazee nyingine bila kukusudia.

Mazungumzo yenyewe yaende hivi:

— Hodi.

— Karibu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?

— Hatujambo, mama. Tunatoka shuleni, tuna maswali mawili mafupi, jina hatuandiki.

— Haya, uliza.

— Kwa maoni yako, madereva wa bodaboda wa hapa mjini ni waangalifu barabarani? Ndiyo au hapana?

— Eh, wako wazuri, wako na wanaokimbia mno.

Hapa ndipo kazi inapoharibika. Usimtafsirie. Usiandike hapana kwa sababu umesikia neno wanaokimbia. Mwambie, nimekuelewa, mama, ukiwapima wote kwa jumla utasema ndiyo au hapana? Ukimaliza swali la pili shukuru, toka, andika palepale nje ya mlango. Salamu zichukue muda wake, ila zisiguse barabara wala ajali.

Hatua ya tano: kusoma majedwali mawili

Tuseme fomu ya kwanza imeleta hivi, bodaboda kwanza na bajaji pili: ndiyo-ndiyo 52, ndiyo-hapana 18, hapana-ndiyo 50, hapana-hapana 80. Na fomu ya pili, bajaji kwanza na bodaboda pili: ndiyo-ndiyo 70, ndiyo-hapana 53, hapana-ndiyo 13, hapana-hapana 64. Namba hizi ni za mazoezi tu.

Jumla za pembeni: bodaboda ikitangulia imekubaliwa na asilimia 35, ikija ya pili 41.5. Bajaji ikitangulia 61.5, ikija ya pili 51. Pengo limetoka 26.5 hadi 9.5. Umbo ni lilelile la Clinton na Gore.

Je, hapo uwezekano wa kawaida umevunjika? Hapana. Kilichoanguka ni dhana kwamba majedwali mawili ni kipande cha jedwali moja. Ukikubali kwamba swali la kwanza limembadilisha mhojiwa kidogo, una watu wa hali mbili na majedwali mawili halali, na Kolmogorov hana neno.

Kuna kipimo kikali zaidi. Zheng Wang na Jerome Busemeyer, kwa kutumia hisabati ya kwanta kwa majibu ya watu, walitabiri kwamba mpangilio unaweza kubadilisha mengi, lakini jumla ya wanaotofautisha majibu haitabadilika. Hesabu: fomu ya kwanza, 18 na 50 ni 68, yaani asilimia 34. Fomu ya pili, 53 na 13 ni 66, asilimia 33. Zimekaribiana, utabiri umesimama. Mwaka 2014 wao na wenzao walichapisha uchambuzi wa tafiti 70 za kitaifa za Marekani, wakakuta usawa huo unashika kwa karibu sana. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ya heshima, kwa sababu walitangulia kusema nini hakitabadilika kisha wakaenda kutazama. Hata hivyo hawakudai kwamba ubongo ni mashine ya kwanta. Wanachosema ni kwamba hisabati ileile inaeleza majibu vizuri. Na kielelezo cha kawaida nacho kinaweza kujengwa kikatoa usawa huohuo. Aliyefaulu kipimo hiki amefaulu kipimo hiki.

Hatua ya sita: kutafuta S kwa watu, na kuisahihisha

Hii ndiyo sehemu inayopotosha wengi. Mnaandaa maswali mawili ya kushoto na mawili ya kulia, kila mhojiwa anapata jozi moja kati ya nne, mnatafuta E nne na S. Tufanye vyakula. Kushoto: ugali au wali, chapati au mkate wa kumimina. Kulia: samaki au maharage, chai au maziwa. Mhojiwa anapanga mlo kwa kuchagua kimoja kila upande, cha kwanza kutajwa kikihesabiwa 1 na cha pili −1.

Tuseme kila jozi imewapa E ya 0.6, mojawapo ikiwa −0.6, kwa hiyo S ni 2.4. Imezidi 2! Diederik Aerts na Sandro Sozzo walipata S ya karibu 2.42 walipowaomba watu waunganishe wanyama na milio yao. Msomaji mwenye haraka angeandika kwamba milo ya Tanga imefungamana kama fotoni.

Angalia pembeni. Ugali umechaguliwa na asilimia 60 ulipowekwa pamoja na samaki na maharage, lakini asilimia 40 ulipowekwa na vinywaji. Ni jambo la kutarajiwa. Ugali na chai nani anautaka? Fotoni hazifanyi hivyo. Ehtibar Dzhafarov na Janne Kujala wametoa njia ya kusahihisha. Kwa kila moja ya maswali manne, tafuta wastani wake katika jozi mbili lilimotokea, kwa kipimo cha 1 na −1, kisha tofauti ya wastani hizo bila alama. Kuwa makini hapa: asilimia 60 ni wastani wa 0.2, asilimia 40 ni −0.2, kwa hiyo tofauti ni 0.4, wala si 0.2. Tuseme maswali mengine matatu yana tofauti za 0.2, 0.2 na 0. Jumla ni 0.8. Toa jumla hiyo kwenye S, toa na 2. 2.4 kutoa 0.8 kutoa 2 ni −0.4. Iko chini ya sifuri, kwa hiyo uhusiano wote umeelezeka kwa jinsi kila swali linavyogeuzwa na jirani yake.

Dzhafarov na Kujala walipoyapitia majaribio mengi ya saikolojia kwa njia hii, kile kilichoitwa kwanta kilitoweka. Lakini haikuishia hapo. Mwaka 2018 Víctor Cervantes na Dzhafarov waliwapa watu kazi ya kuchagua wahusika wa hadithi ya watoto na sifa zao, wakapata matokeo yaliyobaki juu ya sifuri hata baada ya kusahihisha. Kwa hiyo utegemezi wa mazingira katika majibu ya watu, yaani uhusiano usioelezeka kwa swali kugeuzwa na jirani yake peke yake, upo kweli, na unapimika.

Hata hapo kuna swali la kuuliza kabla ya kuruka kwenye fizikia: ni nani aliyeona maswali yote mawili? Delft, hakuna upande uliojua swali la mwenzake. Kwenye dodoso, kichwa kimoja kimeyaona yote. Ukimwambia mtu alinganishe majibu kwa jozi tatu na atofautishe kwa ya nne, na nusu ya watu ukawaanzishia kwa kujumlisha, nusu kwa kutoa, atakupa S ya 4 kamili, pembeni pakiwa nusu kwa nusu, kwa kukumbuka tu ulichomwambia. Kwanta haifiki 4. Namba iliyopita 2.83 kwa watu inaonyesha kwamba wahojiwa walisoma maswali yote mawili.

Kwenye ripoti yenu, basi, andikeni vitu hivi kwa kila jozi: idadi ya vyumba vinne, E, jumla za pembeni, na jibu baada ya kusahihisha. Elezeni pia sarafu ilirushwa lini, na kama wahojiwa waliona maswali pamoja au kwa zamu. Fomu zenyewe zihifadhiwe shuleni bila majina ili darasa lijalo liweze kuzihesabu upya. Jibu lenu likibaki juu ya sifuri, rudieni kazi yote kwenye mitaa ambayo hamkufika, kwa wahojiwa wapya, kabla ya kumwambia mtu yeyote.